“Amekufa kwa Uzee”: Vifo vya Saratani Miongoni mwa Wazee wa Kaunti za Mashambani na za Mijini

Mada kwa semina ya maafisa wa kumbukumbu za afya, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na maafisa wa utawala wa mitaa



1. Utangulizi

Nyanya yangu mzaa mama alianza kwa kuukataa ugali. Alisema unamkwama kifuani. Sisi tukadhani ni meno, tukawa tunampondea viazi. Baada ya miezi michache viazi navyo vikagoma kushuka, akabaki na uji. Kisha uji ukawa unarudi. Mwishoni hata maji aliyanywa kwa kijiko, huku akijishika kifua. Alikuwa amepita miaka 75, na nyumbani hakuna aliyetaja hospitali ya rufaa. Alipofariki, naibu wa chifu alifika na fomu yake, akauliza marehemu ameuawa na nini. Mjomba akajibu kwa neno moja: uzee. Likaandikwa hilo, kibali cha maziko kikatoka, tukazika.

Miaka ilipita. Nikiwa tayari nimeajiriwa katika idara ya kumbukumbu za afya, nilisoma ukurasa mmoja unaoeleza dalili za saratani ya umio, ambayo wengi wetu huiita saratani ya koo: kwanza chakula kigumu hukwama, kisha chakula laini, kisha vinywaji, mgonjwa hukonda upesi, na mara nyingi hufika hospitalini njia ya chakula ikiwa imekaribia kuziba kabisa. Niliusoma ukurasa ule mara mbili, nikahisi kama aliyeuandika alikuwa ameketi jikoni kwetu. Nyanya hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ilikuwa saratani. Lakini najua kwamba neno lililoandikwa kwenye fomu yake halikuwa ugonjwa.

Nimeombwa nizungumzie tofauti ya vifo vya saratani miongoni mwa wazee kati ya kaunti za mashambani na zile za mijini. Hoja yangu ni moja, na kila nitakachosema kinairudia hiyo: kabla ya kuuliza ni wapi wazee wetu hufa zaidi kwa saratani, tuulize ni wapi wazee wetu hufa bila ya mtu kuuliza wamekufa kwa nini. Tukipokea takwimu bila swali hilo, tutausoma ukimya wa mashambani kama afya njema.

2. Mzee ni nani, na anaishi wapi?

Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi umri wa miaka 60, na Ibara ya 57 inampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zake na ya serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Waliofikisha miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7, yaani karibu watu 6 katika kila 100. Wengi wao wanaishi mashambani. Vijana huenda mjini kutafuta kazi, nao wazee hustaafu na kurudi walikozaliwa. Ndiyo maana Nairobi ni kaunti ya vijana, ilhali katika kaunti nyingi za mashambani ukienda barazani siku ya wiki utawakuta wenye mvi wamejaza viti vya mbele.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mada yetu kwa sababu saratani nyingi hufuata umri. Seli za mwili hugawanyika maisha yote, na makosa hujilimbikiza humo polepole. Moshi wa jikoni, tumbaku, pombe na virusi huacha alama zake kidogo kidogo kwa miongo mingi kabla uvimbe haujaonekana. Saratani ya tezi dume, kwa mfano, ni nadra kwa mwanamume ambaye hajafika miaka 50, kisha huongezeka kwa kasi kadiri miaka inavyosonga. Kwa hiyo mahali penye wazee wengi tunapaswa kutarajia vifo vingi zaidi vya saratani. Tusipoviona, inatupasa kuuliza vimekwenda wapi.

3. Hesabu mbili zinazoweza kutupoteza

Wenzangu wa kumbukumbu wanajua kwamba kuna kiwango ghafi cha vifo na kuna kiwango kilichosawazishwa kwa umri. Wengine hamkufundishwa haya, kwa hiyo naomba tufanye hesabu pamoja. Namba zinazofuata ni za kubuni, ni za kufundishia tu.

Chukueni kaunti mbili, kila moja ina watu 500,000. Ya kwanza ni ya mjini na ina wazee 15,000. Ya pili ni ya mashambani na ina wazee 45,000. Tuseme hatari ni ileile kote: kwa mwaka mmoja saratani huua wazee 400 katika kila wazee 100,000, na huua watu 20 katika kila 100,000 wa chini ya miaka 60.

Mjini watakufa wazee 60 na watu 97 wa umri wa chini, jumla 157. Hicho ni kiwango cha 31.4 kwa kila watu 100,000. Mashambani watakufa wazee 180 na watu 91 wa umri wa chini, jumla 271, sawa na 54.2 kwa kila watu 100,000. Anayetazama kiwango ghafi peke yake atasema mashambani kuna balaa, ilhali hatari ya mtu mmoja mmoja ni ileile. Kilichotofautiana ni idadi ya wazee. Ndiyo sababu tunasawazisha kwa umri: tunauliza vifo vingekuwa vingapi iwapo kaunti zote mbili zingekuwa na mgawanyo mmoja wa rika.

Sasa njooni kwenye kosa la pili, lililo kubwa zaidi kwetu. Tuseme katika kaunti ile ya mashambani, theluthi mbili ya vifo vya wazee wenye saratani vimeandikwa “uzee”, au havikuandikwa kabisa. Wale 180 wanabaki 60 kwenye daftari. Jumla inashuka hadi 151, na kiwango kinakuwa 30.2. Ghafla kaunti ya mashambani inaonekana kuwa na vifo vichache kuliko ya mjini. Waziri wa afya wa kaunti anasimama mbele ya wawakilishi wadi na kusema saratani ni tatizo la watu wa mjini, la vyakula vya kisasa na maisha ya mbio. Bajeti inafuata maneno yake. Mwaka ujao, mzee mwingine anaanza kuukataa ugali.

Usawazishaji wa umri hauwezi kurekebisha kosa hili la pili. Hakuna fomula inayomrudisha daftarini mtu ambaye hakuandikwa.

4. Nchi inayohesabu karibu kila kifo

Ili tuone picha inavyokuwa hesabu inapokamilika, tutazame kwa kifupi Marekani. Nayo imegawanyika katika kaunti, zaidi ya 3,100, na kila kifo hupewa cheti chenye chanzo cha kifo na makazi ya kawaida ya marehemu. Mwaka 2017 kituo chao cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha ulinganisho wa kaunti za mashambani na kaunti za miji mikubwa. Mashambani watu waliogunduliwa kuwa na saratani walikuwa wachache kidogo: 442 kwa kila watu 100,000, dhidi ya 457 mijini. Lakini waliokufa kwa saratani mashambani walikuwa 180 kwa kila 100,000, dhidi ya 158 mijini. Viwango vya vifo vilikuwa vikishuka kote, ila mijini vilishuka kwa asilimia 1.6 kila mwaka na mashambani kwa asilimia 1.0 tu. Namba hizo zote zilikuwa zimesawazishwa kwa umri.

Tafakarini maana yake. Mashambani watu wanaopatikana na ugonjwa ni wachache zaidi, na bado wanaokufa ni wengi zaidi. Hii ni nchi ambayo mtu akifikisha miaka 65 serikali humpa bima ya afya ya wazee. Zilizotajwa kuwa sababu zilikuwa tumbaku, uchunguzi kufanyika kwa uchache, na umbali wa madaktari na hospitali. Kadi ya bima mfukoni haifupishi barabara.

Sikuleta mfano huu ili tuwaonee wivu wala tuwacheke. Nimeuleta kwa sababu tofauti ile ilionekana tu baada ya vifo vya mashambani kuandikwa kwa uangalifu uleule wa vifo vya mjini. Mahali ambapo kuandika kumepungua, pengo linaweza kuwa kubwa kuliko hilo na lisionekane hata kidogo.

5. Tunachokijua Kenya, na kimetoka wapi

Kwa mwaka 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria wagonjwa wapya 44,726 nchini Kenya na vifo 29,317. Gawanyeni namba hizo: vifo ni kama theluthi mbili ya wagonjwa wapya. Waliokufa mwaka huo si lazima wawe ndio waliogunduliwa mwaka huo, lakini uwiano huo unatupa sura ya mambo. Marekani ni chini ya theluthi moja. Saratani zinazoongoza kwetu ni ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio.

Makadirio hayo yanasimama juu ya sajili chache. Nairobi ina sajili ya saratani tangu 2001, inayotunzwa na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Eldoret ina yake katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012 ilikuja kuipa kazi hii mguu wa kisheria. Watu wa sajili hizi wanastahili heshima yetu: hutembea kutoka wodi hadi maabara wakikusanya majina na tarehe kwa mkono. Lakini sajili humwona mgonjwa aliyefika. Mzee aliyebaki kitandani kwake Marsabit, Tana River au Pokot Magharibi hana mlango wa kuingilia humo.

6. Kifo cha mzee kinavyopotea

Nataka nikae zaidi hapa, kwa sababu hii ndiyo kazi ya mikono yetu sisi tuliomo ukumbini. Kifo cha mzee wa mashambani hupotea katika njia nne.

Ya kwanza ni kutosajiliwa kabisa. Nchini kwetu ni takriban nusu tu ya vifo vinavyosajiliwa, na katika kaunti za kaskazini sehemu hiyo ni ndogo zaidi. Kuzaliwa kunaandikishwa kwa bidii kwa sababu mtoto atadaiwa cheti shuleni. Cheti cha kifo hutafutwa palipo na shamba la kurithi, akaunti ya benki au pensheni. Ajuza asiye na hati ya shamba hana anayekikimbilia cheti chake.

Ya pili ni fomu. Kifo kikitokea hospitalini, daktari au afisa wa tiba hujaza chanzo. Kikitokea nyumbani, anayejaza ni naibu wa chifu, naye hutegemea anachoambiwa na wafiwa. Simlaumu. Hajasomea tiba, amezungukwa na watu wanaolia, na gari la kubeba jeneza linasubiri. Akiambiwa “uzee”, “kifua” au “aliugua kwa muda mrefu”, ataandika hivyo. Tukumbuke pia kwamba hata hospitalini tunakosea. Nimepitia faili nyingi za wazee ambazo chanzo kimeandikwa “moyo kusimama”. Moyo wa kila marehemu umesimama. Kinachotakiwa ni chanzo cha msingi, yaani ugonjwa ulioanzisha safari yote. Mzee mwenye saratani ya umio anayekufa kwa homa ya mapafu baada ya uji kuingia njia ya hewa, chanzo chake cha msingi ni saratani ya umio.

Ya tatu ni makazi. Mzee wa Makueni huletwa Nairobi kwa mwanawe, hulazwa, hufia huko. Asipoulizwa makazi yake ya kawaida, kifo chake huhesabiwa Nairobi, na Makueni inabaki safi kwenye karatasi. Kuna na safari ya upande wa pili: mtu aliyevuta moshi wa kiwanda au wa sigara mjini kwa miaka 35, akastaafu, akarudi kijijini, akafia huko. Kifo kile ni cha kaunti zote mbili kwa maana fulani, na tukikiandika vibaya kila moja itadhani si chake.

Ya nne ni maswali ya utafiti. Utafiti mkuu wa afya ya kaya nchini, ule wa 2022, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Ulikusudiwa kwa mambo ya uzazi, na kwa hayo unatosha. Utafiti wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza wa 2015 ulifika hadi miaka 69. Mzee wa miaka 70, aliye katika umri wenye hatari kubwa zaidi ya saratani, amepigiwa hodi na nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu mambo yamegeuka: kilio chenyewe kimekuwa kifuniko. Tunamzika mzee, na ugonjwa wake tunauzika naye.

7. Kinachomuua ni zaidi ya uvimbe

Nisieleweke kwamba tatizo la mashambani ni la karatasi tu. Yako mambo yanayomfanya mzee wa huko, akiugua, afe mapema na kwa maumivu zaidi.

La kwanza ni kwamba dalili zake zinafanana na uzee. Babu akiamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, tunasema ni umri. Akilalamikia mgongo, tunamkumbusha alivyolima maisha yake yote. Nyanya akianza kutokwa na damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma, ataficha kwa haya, kwa kuwa wa kumwambia ni binti au mkaza mwana. Mpango wa uchunguzi wa mlango wa kizazi huwapa kipaumbele wanawake wa miaka 25 hadi 49, na chanjo ya virusi vya HPV, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2019, ni ya wasichana wadogo. Yote mawili ni sawa kisayansi. Lakini nyanya huyu hakupata chanjo alipokuwa msichana, hakupimwa alipokuwa mama, na sasa amepitwa na foleni.

La pili ni umbali. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi katika hospitali za umma ilipatikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta peke yake. Leo kuna Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna Eldoret, na vituo vya kanda vimejengwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Hiyo ni hatua kubwa na tuitambue. Hata hivyo, mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Kutoka Lodwar hadi Eldoret ni safari inayozidi kilomita 300. Hakuna mtu wa miaka 70 anayeweza kwenda na kurudi kila siku. Lazima apate pa kulala, wa kumpikia, wa kumshika mkono. Mpango wa Inua Jamii humpa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na nauli ya matatu ya mgonjwa na msindikizaji wake inaweza kuzimaliza kwa siku moja. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imehamia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ina fungu la saratani. Fungu hilo hulipia tiba. Kitanda cha kulala mjini na sahani ya chakula havimo.

La tatu ni mazingira ya maisha yenyewe. Kusini mwa Bonde la Ufa, Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imewahudumia wagonjwa wa saratani ya umio kwa miongo kadhaa, na imekuwa maarufu kwa kuwawekea kijibomba cha waya kinachoifungua njia ya chakula ili mgonjwa aweze kumeza tena. Kijibomba hicho hakiponyi, ila humrudishia mtu heshima ya kula na wenzake. Watafiti wa eneo hilo wametaja mambo kadhaa yanayoshukiwa kushirikiana: tumbaku, pombe za kienyeji, moshi wa kuni na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na utafiti wa Eldoret uliochapishwa 2019 ulikuta hatari kubwa zaidi kwa watu wanaokunywa chai ikiwa moto sana. Kuiacha chai ipoe kidogo ni ushauri usiogharimu senti. Lakini nani atautoa kwa nguvu, iwapo vifo vya wazee wanaokunywa chai hiyo vinaitwa uzee?

La nne ni maumivu. Nairobi ilipata hospisi yake mwaka 1990, na tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumsitiri mgonjwa asiyetarajiwa kupona, imeenea tangu hapo hadi katika hospitali kadhaa za kaunti. Mofini ya kunywa ni dawa ya bei nafuu. Hata hivyo, dawa huagizwa kulingana na idadi ya wanaoihitaji, na idadi hutoka kwetu. Mgonjwa ambaye hakuandikwa hakuagiziwa dawa.

8. “Mzee amekula chumvi nyingi”

Najua kuna atakayeuliza kama inafaa kutumia nguvu zote hizi kwa mtu aliyekula chumvi nyingi, ilhali watoto wanakufa kwa malaria. Nimeulizwa swali hili na watu wazuri, tena wenye huruma, na ninalijibu mara mbili.

Kwanza, mzee ana haki yake yeye mwenyewe. Tofauti ya kufa ukiwa na njaa, unatazama uji usioweza kuumeza, na kufa ukiwa umetulizwa maumivu na umepata maji ya kulowesha koo, ni kubwa sana kwa yule anayekufa.

Pili, mzee ni shahidi wa nyumba yote. Amekaa kwenye moshi ule kwa miaka 60, na wajukuu zake wamo humo humo. Saratani yake leo ni taarifa ya kilichoanza zamani na kinachoendelea bado kwa walio hai. Kaunti inayoandika vizuri vifo vya wazee wake inasoma mapema kinachowangojea vijana wake.

9. Mapendekezo

Ninapendekeza mambo matano, na nimejitahidi yawe ya kuanzwa na watu tuliomo humu.

Kwanza, neno “uzee” lisikubalike peke yake kwenye fomu ya kifo cha nyumbani. Naibu wa chifu apewe kikaratasi chenye maswali machache ya Kiswahili na lugha ya mama: Je, marehemu alikuwa akimeza kwa shida? Alikonda? Alikuwa na uvimbe au kidonda kisichopona? Alitokwa na damu? Alipata shida ya haja ndogo au kubwa? Majibu yaandikwe hata kama jina la ugonjwa halijulikani.

Pili, baada ya matanga, mhudumu wa afya ya jamii aitembelee familia na kufanya mahojiano ya kifo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la kazi hii, na nchini kwetu si jambo geni: watafiti wamelitumia kwa miaka katika maeneo ya ufuatiliaji wa Kilifi, Siaya, na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa vifaa, zikiwemo simu za kukusanyia taarifa. Wanazijua nyumba na wanajulikana humo. Wapewe mafunzo na walipwe kwa kazi hii ya ziada.

Tatu, kila faili na kila fomu ionyeshe makazi ya kawaida ya mgonjwa hadi kiwango cha wadi, na hospitali za rufaa zirudishe taarifa za vifo kwenye kaunti alikotoka marehemu.

Nne, takwimu za saratani za kila kaunti zitolewe kwa rika, zikiwa ghafi na zilizosawazishwa, na zisindikizwe na sentensi moja inayosema ni sehemu gani ya vifo vyote ilisajiliwa. Namba isiyo na sentensi hiyo isipelekwe bungeni.

Tano, tusingoje wafe ndipo tuwaulize. Maswali yale yale ya naibu wa chifu, mhudumu wa jamii ayaulize mzee akiwa hai, kila anapomtembelea. Hospitali za kaunti ndogo ziwe na njia iliyo wazi ya kumpeleka anayemeza kwa shida akapimwe umio upesi, na kaunti zishirikiane kutenga nyumba za kulala wagonjwa karibu na vituo vya mionzi.

10. Maswali ya makundi

Kabla ya kufunga, naomba makundi yajadili haya. Katika wadi yenu, kifo cha mwisho cha mzee mnachokikumbuka kiliandikwa kwa sababu gani, na ni nani aliyeitoa? Nani hubaki na fomu zikishajazwa, na zinamfikia nani mwishowe? Ni neno gani la lugha yenu ya mama linalotumika badala ya saratani, na linaweza kuulizwa matangani bila kuwaumiza wafiwa?

11. Hitimisho

Siku ile hatukumdanganya naibu wa chifu. Mjomba alimwambia tulichokijua. Lakini tulikuwa na mengine mengi ambayo tungeweza kumwambia: ugali uliokwama, viazi, uji uliorudi, kijiko cha maji. Tuliyaona yote, kwa mpangilio, siku baada ya siku. Naibu wa chifu alikuwa na kalamu mkononi, nasi tulikuwa na ushahidi wote. Kilichokosekana ni swali. Mkirudi kwenye vituo vyenu, naomba mrudi nalo, na mzee wa kwanza atakayewajia mumuulize, kwa sauti ya upole, kama chakula kinashuka.